Eti inakamata madoa

Leo nimemwaga krimu ya mtu mchangani, sokoni Bugarama, na radhi siombi.

Nilikwenda kutafuta poda ya kufunika madoa meusi mashavuni. Basi.

Muuza vipodozi akanishika kidevu kama anakagua mbuzi mnadani.

"Poda ya nini, Mama Kulwa? Paka hii. Ina zebaki. Si unajua inavyokamata dhahabu? Na madoa inayakamata hivyo hivyo!"

Watu wakacheka.

Marehemu mume wangu alichomea zebaki ya dhahabu jikoni kwetu miaka tisa. Mwishoni mikono ilimtetemeka, nikawa namtilia chai nusu kikombe isimuunguze.

Nikamwambia muuzaji, "Jipake wewe kwanza. Au kampake mkeo."

Akaanza kufunga kopo.

Kumbe anajua ni sumu! Ndipo nikamnyang'anya, nikalimwaga lote.

Binti mjamzito aliyesimama pembeni akanivuta kanga. "Mayu, mama yangu, mimi naipaka tangu mwezi jana."

Sasa hivi tumekaa naye kwenye benchi la zahanati, tunasubiri kuitwa.

Anayetaka kumtetea yule muuzaji aandike hapa chini. Foleni ni ndefu, nitamjibu.