Kona ya Mama Katika Njia ya Umeme

Asifiwe Mungu, aliyesema mwanga uwe, nao ukawa bila kikao. Sisi wanadamu tulihitaji wabunge wanne.

Ilikuwa muda mfupi kabla ya vita vya Kagera. Tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa huku Murukulazo, wilayani Ngara, nyumba zetu zimepangwa kandokando ya barabara. Mimi nilikuwa katekista, na kwa kuwa nilijua kuandika, nikafanywa katibu wa kijiji pia. Wakaja wabunge wa mikoa minne, yaani wetu, wa Mwanza, wa Shinyanga na wa Kigoma, kukubaliana umeme wa maporomoko ya Rusumo upitie wapi. Walitandaza ramani juu ya boneti ya Landrova. Mstari mwekundu ulipita katikati ya nyumba ya mama yangu.

"Hii itabomolewa," alisema mpimaji waliyekuja naye.

Mama alikuwa mjane, na migomba yake aliiacha juzijuzi tu kuja kijijini.

"Nimeshahama mara moja kwa ajili ya Serikali," alijibu. "Safari nyingine nitahama nikiwa nimebebwa."

Nami nilitakiwa kuandika kwamba wananchi wamekubali. Mkono uligoma.

Mama akaingia ndani, akatoka na chungu cha pombe ya ndizi na mirija minne. Kwetu, waliokunywa chungu kimoja hawabomoleani nyumba. Wageni walikuwa na kiu. Wakainama, vipara vikagusana. Chungu kilipofika nusu, nikawaeleza desturi hiyo.

Mbunge wa Kigoma akauachia mrija. "Aa, mama! Umetutega!"

"Maliza, mwanangu. Nusu chungu ni nusu nyumba."

Wakamaliza. Mbunge wetu akachora kona ya kuizunguka nyumba. Hapo wa Shinyanga akanuna.

"Ndugu zangu, tulisema ushirikiano. Ngara ikipata kona, Shinyanga nayo ipate."

"Kona ya kukwepa nini?" aliuliza mbunge wetu. "Kwenu si mbuga tupu?"

"Tutatafuta cha kukwepa."

Mpimaji alishika kichwa. Jua lilipoegemea vilima, kila mkoa ulikuwa na kona yake kwa haki sawa, na ule mstari ulifanana na nyoka aliyemeza mbuzi. Nikaandika kwa moyo mweupe: wananchi wamekubali.

Vigingi vilipigwa kuizunguka nyumba. Kisha vita vikaja, Landrova ikaenda mpakani, mpimaji naye. Hakuna aliyerudi kuuliza habari za umeme. Tulingoja kwa subira, hata mwaka mmoja wa mvua nyingi, kuni zilipolowa zote, mama akaving'oa vigingi kimoja kimoja akachemshia maharage.

"Onja," aliniambia. "Umeme wa mikoa minne huo."

Nikabariki chakula, tukala. Aliishi katika nyumba ile mpaka siku alipobebwa, kama alivyosema.

Nawe unayesoma, Mungu akulindie paa lako, na kila mstari mwekundu unaokujia akuchoree kona.