Giaboksi ya Meli ya Mjomba Mhina

Wenzetu waliosoma mjini walianza na a, e, i, o, u. Sisi tuliokulia kati ya Korogwe na Handeni siku za Ujamaa, katika kijiji chetu angalau, tulianza na P, R, N na D. Herufi hizo zilipangwa nyuma ya usukani wa gari la Mjomba Mhina, kaka yake mama, na kabla sijaingia darasa la kwanza nilizijua kazi zake zote: P ya kulala, R ya kurudi nyuma, N ya kusubiri, na D ya kwenda Korogwe. Mwalimu alipouliza siku ya kwanza nani anajua herufi yoyote, darasa zima tulimpa hizo nne kwa sauti moja. Alitutazama kama watoto waliorogwa.

Gari lenyewe lilikuwa la Kimarekani, refu, rangi ya bluu iliyopauka, nyuma lina mapezi mawili kama ya samaki. Springi zake zilikuwa laini mno. Kwenye mashimo halikurukaruka kama malori, lilibembea. Ndiyo maana tuliliita Meli, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona bahari. Ndani kulinukia petroli, viti vya ngozi na maganda ya machungwa, na mpaka leo nikimenya chungwa ndani ya gari, popote nilipo, Kahama au Tunduma, najikuta nimerudi kwenye kile kiti cha nyuma, magoti ya wenzangu yakinichoma mbavuni.

Mjomba alilipata kwa njia ya uchungu. Alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge upande wa Mnyuzi, kwenye korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge kutoa katani. Siku moja mashine ikamla mguu wa kushoto chini ya goti. Meneja wake alikuwa Mgiriki, na alipofungasha virago kurudi kwao alimwita Mjomba, akamwonyesha gari. Mjomba alipenda kumwiga kwa kubana pua: "Mhina, gari hii hapana klachi. Nataka mguu moja tu. Mguu moja iko nayo. Chukua!" Halafu anacheka mpaka anajipiga paja.

Ilikuwa miaka ya foleni. Sukari ilipimwa kwa kikombe kwenye duka la kijiji, sabuni tulikatiwa vipande, na ugali ulikuwa wa njano au wa muhogo kwa kisamvu. Asubuhi mchakamchaka, mchana shamba la shule, jioni tunasukuma magari tuliyochonga wenyewe kwa miti ya mkonge, mepesi kama maboya. Yote yalikuwa na mapezi nyuma, na hakuna hata moja lililokuwa na klachi. Tulikuwa hatuna viatu, lakini tulijiona matajiri, kwa sababu vijiji vya jirani vilikuwa na baiskeli na sisi tulikuwa na Meli.

Meli ndiyo iliyowapeleka wagonjwa hospitali Korogwe, na wajawazito, na bibi harusi wakati petroli ipo. Mjomba hakutoza nauli. Kijiji kililipa kwa jembe: kila msimu watu walikwenda kumlimia shamba lake la mahindi, maana kwa mguu mmoja angelima nini? Yeye aliendesha, wao walilima, na hakuna aliyemdharau mwenzake. Akipita, wazee walinyanyua kofia. Watoto tuliamkia gari: "Shikamoo Meli!" Naye anajibu kwa honi.

Basi siku moja petroli ilitukatikia njiani kutoka Korogwe, tena mbali na nyumbani. Habari zilipofika kijijini, Mwenyekiti wa kijiji hakuchelewa. Alituma trekta la kijiji likiendeshwa na mdogo wake Rajabu. Wakafunga mnyororo, watoto tukajazana ndani, akina mama wakapanda trela, tukavutwa kwa nyimbo mpaka kijijini. Nakumbuka vumbi, vigelegele, na Mjomba ameshika usukani anacheka. Hakuna aliyejua kwamba gari la otomatiki halivutwi safari ndefu magurudumu ya nyuma yakiwa chini. Nani angetuambia, na Mgiriki alishakwenda zake? Petroli ilipopatikana Mjomba akawasha, injini ikanguruma, akaweka D. Meli haikusogea. Akaweka R. Kimya. Chini yake kulinukia kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Kijiji kizima tulikuwa tumeiua kwa kuisaidia.

Fundi Semboja alikuja na basi kutoka Korogwe. Alilala chini ya gari kwa muda mrefu, tukiiona miguu yake tu, kisha akatoka na uso mweusi kwa grisi. "Injini nzima," alisema. "Giaboksi ndiyo imekwenda. Korogwe ipo moja ya lori, ngumu kama jiwe, nitaifunga hata kesho. Ila ina klachi."

Watu wote walitazama gongo la kutembelea la Mjomba, halafu wakajifanya wanatazama kwingine.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alisema kweli tupu: "Ndugu zangu, gari ni la Mhina, lakini wagonjwa ni wa kijiji. Tufunge hiyo ya lori, Rajabu aendeshe." Rajabu akanyoosha kola ya shati. Mjomba akachukua gongo lake, akaondoka. Tangu siku ile alikaa mlangoni kwake akisokota kamba za katani, ule ule mkonge uliomla mguu, na sisi watoto tulipopita hatukujua tumsalimie vipi. Gari likiwa la klachi, yeye angekuwa abiria. Na abiria halimiwi shamba.

Mama ndiye aliyekwenda kwa Fundi Semboja kumwomba atafute ya otomatiki popote ilipo. Alikuwa na mimba kubwa ya mdogo wangu wa mwisho, na alisema wazi kwamba hataki kufikishwa hospitali na Rajabu, aliyekuwa akiendesha trekta kama anafukuza nguruwe. Fundi akaulizia huku na huko, akapata habari za magari mawili yaliyokufa, yote ndugu wa Meli. Moja lilikuwa Mnyuzi, karibu na reli. La pili lilikuwa Magoma, limegeuzwa banda la kuku. Giaboksi zote mbili zingekaa kwenye injini yetu, lakini ipi ilikuwa hai? Hazikuweza kufunguliwa hovyo. Fundi akawaagiza wenyewe wamtumie chupa moja ya oili ya ndani ya kila giaboksi. "Oili ndiyo damu yake," alisema. "Ikinuka kuungua, imekufa."

Mwenyekiti akakubali, kwa sharti: chupa ziletwe mkutanoni, na kama kijiji hakitaweza kuchagua siku hiyo hiyo, inafungwa ya lori.

Mkutano ulifanyika mbele ya ofisi ya kijiji. Chupa mbili za soda zilizozibwa kwa magunzi zilisimamishwa mezani. Ya Mnyuzi ilikuwa nyekundu, inang'aa kama sharubati. Ya Magoma ilikuwa ya kahawia kama chai ya rangi iliyolala. Fundi akanusa, wazee wakanusa, Rajabu akanusa na kupiga chafya. Hakuna iliyonuka kuungua. Fundi mwenyewe jicho lake lilikuwa kwenye ile nyekundu, na Mwenyekiti akaanza: "Wanaotaka ya Mnyuzi wanyooshe mikono." Mikono ikaanza kupanda.

"Ngojeni," Mama akasema, akainuka kwa kujishika kiuno. "Nami niijaribu."

"Mama Hamisi," mtu akadakia kutoka nyuma, "mimba imekutuma udongo mpaka umefika kwenye oili?"

Watu wakacheka. Mama akaisogelea meza. Alifanya vile mama zetu wote walivyofanya waliponunua samli kwa wanawake wa Kimasai waliotoka nyikani na vibuyu vyao. Samli haikuonjwa kwa ulimi. Unatia tone mgongoni mwa mkono, unasugua kwa kidole, unainusa, unaigeuza juani. Maana wapo waliotia samli mpya juu ya ile iliyoungua, na juu kibuyu kikawa kitamu.

Mmoja wa wanawake hao, tuliyemwita Yeyo, alikuwepo pale pale na vibuyu vyake, akisubiri mkutano uishe apate wateja. "Usinitazame mimi, mama," alisema.

"Nakutazama wewe hasa, Yeyo. Mwezi jana umenipa ya juu, nikafika nyumbani nikakuta ya chini."

"Ya chini ndiyo inanenepesha!" Yeyo akajibu, na mkutano ukavunjika mbavu.

Mama akaipindua ile chupa nyekundu akiwa ameiziba kwa kidole, akasubiri ya chini ishuke shingoni, ndipo akatia tone. Akasugua. Akanyoosha mkono juani, na sisi watoto tuliokuwa tumekaa mbele tukauona ukimeremeta kana kwamba amepara samaki.

"Hii ina mchanga," alisema.

Fundi akauvuta ule mkono karibu na macho yake, akasugua naye wa kwake. "Si mchanga. Ni chuma kilichosagika. Wamemwaga ya zamani, wametia mpya ili ipendeze. Ningeifunga hii, ingetufikisha hapo mtoni tu."

Basi hapo akina mama wote wakapanga foleni, foleni ya hiari kwa mara ya kwanza mwaka ule, kila mmoja na mgongo wa mkono wake. Wakaisugua ile ya Magoma, ya juu na ya chini. Hata Yeyo aliitwa, maana mwenye hila ya samli ndiye anayeijua. Akasugua, akanusa, akatikisa hereni zake. "Hii nzee tu," alisema. "Haijaungua."

"Fundi?" Mwenyekiti akauliza.

"Nafunga hii."

"Na ikifa njiani?" Rajabu akauliza kwa unyonge.

"Utaivuta tena kwa trekta," Mama akamjibu, na mkutano ukafungwa kwa kicheko hicho. Mwenyekiti alicheka kuliko wote.

Kuku wa Magoma wakahamishwa, giaboksi ikaletwa, Fundi akaifunga. Siku ya kujaribu, Mjomba alikaa nyuma ya usukani, gongo amelilaza pembeni, jasho likimtoka. Watoto tukapiga kelele: "D! D! D!" Yeye akaweka R kwanza. Meli ikarudi nyuma taratibu, bila kelele, kama mtu anayeomba radhi, na manyoya ya kuku yakapeperuka kutoka chini yake. Halafu akaweka D. Sijapata tena kusikia vigelegele kama vile. Msimu uliofuata tulikwenda kumlimia, Rajabu akiwa mbele na trekta lake. Na uchungu ulipomshika Mama, ni Mjomba aliyempeleka Korogwe akimwambia njia nzima, "Tulia dada, halirukiruki hili." Zainabu akazaliwa hospitalini, salama.

Mjomba amekwishatangulia, na Meli ililiwa na kutu. Mimi nimezunguka nchi hii bila kutulia, na ninakopita naona magari yote yamekuwa ya Mjomba: mguu mmoja tu. Vijana wanaagiza spea kwa picha ya simu, ikiwa nyekundu na inang'aa wanalipia, inaletwa na bodaboda. Ikifa wiki inayofuata wanarusha matusi mtandaoni. Ukiwauliza kama waliigeuza juani, wanakuuliza juani ya nini.

Zainabu yuko Dar es Salaam, ana gari lake dogo, na foleni za huko anazipigia honi kama zimemkosea yeye peke yake. Kila nikishukia kwake, kabla sijaweka begi chini, nafungua boneti, nachomoa kile kijiti cha oili ya giaboksi, natia tone mgongoni mwa mkono na kusugua. Wanawe wananizunguka wakicheka: "Mjomba, unapika?" Nainusa, naigeuza juani. Haimeremeti. Nafunga boneti, nakaa kiti cha mbele, mguu wa kushoto nimeukunja chini ya kiti kana kwamba sina, na kumwambia mama yao, "Haya, weka D. Twende."