Bakuli Lililorudi Safi

Mume wangu Mudathiru ni fundi cherehani, na katika miaka ishirini na miwili ya ndoa yetu hajawahi kuosha hata kikombe. Ndiyo maana bakuli lake la chakula liliporudi limeoshwa, limekaushwa na kufungwa kifuniko vizuri, nilijua limepita mikononi mwa mwanamke.

Wakati huo tulikuwa na miezi mitano tangu tuhamie Mahoko, shamba nje ya mji. Nyumba yetu ya mjini Gisenyi, karibu na msikiti, tuliwauzia watu wanaojenga hoteli. Mimi sikutaka. Yeye ndiye aliyesema kutoka Mahoko ni gari moja tu: anapanda baada ya sala ya alfajiri, anashuka gare, kituo cha magari cha mjini, anavuka barabara, amefika kwenye baraza la duka anakoshonea tangu ujana wake. Nikakubali kwa neno hilo.

Basi nikaanza kumtazama. Mjini ni lami, lakini viatu vyake vilirudi na vumbi jeusi, lile la mawe ya volkano la upande wa Rubavu, kuelekea mpaka wa Kongo. Alifika nyumbani magharibi imeshapita. Nikimuuliza, anasema magari yamejaa. Dini yetu inamruhusu mke wa pili, hilo nalijua. Lakini sikuwaacha majirani zangu nije kupalilia maharagwe mlimani ili yeye apate nafasi ya kuoa. Nikajiambia: nikimkuta kwa huyo mwanamke, namchukua binti yetu Saidati, nakwenda kwa kaka yangu bila kuaga.

Jumanne nikapanda gari lililofuata lake, nimejifunika kitenge mpaka puani. Magari yetu yakafika gare karibu pamoja. Mudathiru akapita mahali pa baraza lake bila kugeuza kichwa. Baraza lenyewe halikuwepo. Palikuwa na uzio wa mabati, na nyuma yake ghorofa linapanda. Akaendelea kwa miguu, nami nyuma yake kwa mbali, karibu saa nzima, mpaka lami ikaisha na viatu vyangu navyo vikawa vyeusi. Akaingia kwenye lango moja la mbao. Nikasikia sauti ya mwanamke.

"Mudathiru, leo umekawia. Leta bakuli yako hapa."

Nikasukuma lango.

Cherehani sita zilikuwa zimepangwa chini ya turubai, na mafundi wote nawafahamu, ni wale wa baraza. Aliyeshika bakuli letu alikuwa bikizee aliyepinda mgongo, Mama Cansilde, aliyerudi kutoka Kongo, mwenye kiwanja. Faradji, fundi mwenye mdomo kuliko wote, ndiye aliyeniona kwanza.

"Mama Saidati, umekuja kuhesabu wake wenzako? Iko mumoja tu, na meno hana."

"Niko nayo mbili," Mama Cansilde akamjibu, bila kucheka. Kisha akanieleza kwamba bakuli zikikaa chafu sisimizi wanajaa uani kwake, kwa hiyo watu wakishakula anaziosha zote mwenyewe.

Mudathiru hakuinuka kitini. Alisema baraza lilibomolewa wiki ya pili baada ya sisi kuhama, na kutoka Mahoko hakuna gari linalokuja huku. Yote yanaishia mjini, na mjini wao hawana tena kazi, wanapita tu. Faradji anatoka Kanama juu, mlimani zaidi, naye anatembea hata kabla ya kulipata gari.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Nyumba tulikuwa tumeshauza."

Nikatazama miguu yao chini ya zile cherehani. Viatu vyote vilikuwa vyeusi.

Kwa kaka yangu sikwenda. Nilimwambia Mudathiru jambo moja tu, mbele ya wenzake: kuanzia kesho bakuli lirudi kwangu chafu.

Linarudi chafu mpaka leo, limefungwa kwenye kitambaa kwa kuogopa sisimizi wa Mama Cansilde. Nami kabla ya kuliosha, nalinusa kwanza kama lina harufu ya sabuni.