Mwalimu Damiani na Somo la Marekani

Damiani alifundisha Kiingereza katika shule za sekondari za bonde la Kilombero mpaka akastaafu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza lolote kuhusu fasihi ya Marekani. Hilo lilimuuma. Alikuwa na kitabu kinene cha historia ya fasihi hiyo, alichoachiwa na mwalimu wa kujitolea aliyetaka kurudi kwao na mizigo myepesi. Alikisoma mpaka jalada likaachia. Kurasa za mwisho zililiwa na mchwa, kwa hiyo kwa Damiani Wamarekani waliacha kuandika mara tu baada ya Vita Kuu ya Pili, na pale Mlabani, mtaani kwake, hakuna aliyekuwa na la kumpinga.

Alipostaafu aliomba ukumbi wa parokia kila Jumamosi alasiri, akaandika tangazo kwenye kipande cha boksi. Alikusudia kuandika kwamba atapitia historia ya fasihi ya Marekani na waandishi wake wakuu. Herufi zake zilikuwa kubwa na boksi lilikuwa dogo. Yakabaki haya: MAREKANI. SOMO LA BURE. JUMAMOSI. MWL. DAMIANI.

Alimwambia mkewe, Ursula, kwamba wakija watu wanne atamshukuru Mungu. Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama madirishani. Vijana walivaa mashati meupe yaliyonyooshwa kwa pasi, na kina mama walikuja na kalamu. Damiani alifungua kitabu chake mezani.

Akaanza na wachungaji wa dini waliovuka bahari wakaandika mahubiri ya moto wa jehanamu huku wakitetemeka kwa baridi. Akaja kwa mabwana walioandika kwa ufasaha kuhusu uhuru huku watumwa wao wakilima nje. Akaja kwa watumwa wenyewe, waliotoroka wakajifunza kushika kalamu. Hakuna aliyesinzia. Juma lililofuata aligundua kwamba wamekariri kila kitu: akitaja mwandishi, ukumbi mzima unajibu mwaka aliozaliwa na jimbo alilotoka. Kijana mmoja aliuliza ni jimbo lipi kati ya hayo lenye baridi ya kuvumilika. Damiani alilipokea kama swali la kina kuhusu mazingira na mtindo wa uandishi, akalijibu mpaka muda ukaisha.

Aliyeleta habari ni Ursula. Alikuwa fundi cherehani, na maneno yote ya Mlabani yalipitia barazani kwake.

"Baba Tekla," alimwambia wakila, "unajua kwa nini wale watu wanakuja?"

"Wana kiu ya maarifa."

"Wana kiu ya viza. Wanasema umepewa kazi ya kuwaandaa. Anayejua majina ya wakubwa wa kule ndiye atakayepita kwenye usaili."

Damiani alirudisha tonge kwenye sahani. Alijitetea kwamba mtu akisoma, sababu iliyomleta haina uzito. Ursula alimuuliza kama anaweza kuwaambia hivyo wakiwa wamekaa mbele yake. Chakula cha Damiani kikapoa.

Jumamosi akawaambia. "Hapa hakuna viza. Mimi mwenyewe sijafika hata Zanzibar. Na hawa ninaowafundisha wote ni marehemu, hawawezi kumwombea mtu."

Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Waliinuka kwa adabu, vijana wakamwamkia shikamoo kwa mara ya pili siku ileile, na mama mmoja akamshauri kwa upole atafute boksi kubwa zaidi. Walibaki wawili, kila mmoja pembe yake.

Wa kwanza alikuwa Kabula, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliofika kijiji cha Idete na ng'ombe wao kabla hajazaliwa. Wa pili alikuwa Yoramu, mkulima wa mpunga wa hukohuko Idete. Walifahamiana vizuri kuliko walivyopenda: ng'ombe wa kina Kabula walikuwa wamelala ndani ya mpunga wa Yoramu, na kesi ilikuwa bado kijijini.

Damiani aliendelea na somo kama kawaida. Zamu hiyo ilikuwa ya waandishi wa safari za magharibi, juu ya watu waliohama na mikokoteni na mifugo wakaiandika nchi waliyoikuta kuwa tupu.

"Mwalimu," Yoramu aliuliza, "ilikuwa tupu kweli?"

Damiani alikiri kwamba walikuwapo watu. Yoramu akataka kujua hao nao waliandika nini. Mwalimu alifunua kitabu chake na kukuta wamepewa nusu ukurasa, ambao yeye siku zote aliuruka.

"Anayehama hahami kwa kupenda," Kabula akasema, bila kumtazama Yoramu. "Kwetu malisho yaliisha."

"Njaa ya ng'ombe wako haiugeuzi mpunga wangu kuwa nyasi."

Damiani alijaribu kuwarudisha kwenye taswira na mtindo. Hawakumsikia.

Walirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Kwaya ilipouchukua ukumbi walihamia barazani kwa Ursula. Kesi ya mpunga iliamuliwa kijijini, kwa fidia na mpaka mpya, na fasihi ya Marekani haikuchangia chochote.

Kisha siku moja Kabula alileta hadithi aliyoiandika mwenyewe, ya safari ya wazazi wake kutoka Usukumani mpaka bondeni. Aliisoma kwa sauti ndogo. Walipofika Idete, wazazi wake waliona majani marefu, maji, na ndege weupe. Ikaishia hapo.

"Mimi nilikuwepo siku hiyo," Yoramu akasema. "Mbona sionekani?"

Kabula aliikunja karatasi akaondoka nayo. Aliporudi, ndani ya hadithi mlikuwa na mkulima, mbishi, amesimama kwenye mpunga akiwatazama wageni wanavyokuja. Yoramu alisikiliza mpaka mwisho. Akasema shamba lile lilikuwa kubwa zaidi ya hapo, na kwamba siku ile alitangulia kuwasalimu kabla ya kugomba. Kabula akaomba kalamu ya Mwalimu.

Damiani akampa, kitabu chake kimefungwa mapajani.