Pazia la Mlima

Kazi yangu pale Majimoto ilikuwa banda la video, na kipaji changu, kama ni kipaji, kilikuwa kutafsiri filamu za nje papo hapo kwa kipaza sauti. Kiingereza chenyewe kilikuwa cha kuungaunga. Nilichojua vizuri ni kitu gani kinawachekesha watu wetu, na hicho kilinitosha.

Filamu iliyonijengea jina ilihusu mji ulio chini ya mlima. Mlima unafuka moshi, mwanamke mmoja mtaalamu anazunguka ofisi hadi ofisi akisema utalipuka, na hakuna wa kumsikiliza kwa sababu meya anaandaa sherehe za mji. Mwishowe meya anaamuru mlima ufunikwe kwa pazia kubwa lililochorwa mlima mwingine, mzuri zaidi. Nadhani walioitengeneza walitaka watu wacheke huku wanaona aibu. Mimi aibu niliitoa. Meya nilimpa sauti ya mlevi wa sokoni, yule mtaalamu nikamfanya mke mwenye gubu, na kila alipofungua mdomo meya wangu alimjibu, "Vuteni pazia, wageni wanakuja." Banda zima lilikuwa linaitikia, na haukupita muda msemo ule ukawa unasikika mpaka mnadani.

Mama yangu alilima mpunga bondeni, chini ya tuta linalozuia maji ya mto. Msimu ule mpunga ulikuwa umeanza kuiva na ndege walikuwa wabaya, kwa hiyo alihamia kabisa shambani, kwenye kibanda cha kuamia ndege. Aliyepakana naye shamba alikuwa mama wa rika lake, ambaye ukoo wake na ukoo wetu ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Huyu alikuwa akipita asubuhi anamuuliza mama, "Bado tu hujafa? Ule mkeka wako nautaka." Mama anamjibu kwamba yeye ndiye atakayezikwa kwanza. Ndivyo walivyosalimiana tangu mimi nikiwa mgongoni.

Basi huyo ndiye aliyeuona ufa. Ng'ombe walikuwa wanavukia juu ya tuta wakienda kunywa maji, kwato zikalila, na mvua zikamalizia. Akatangaza kwamba tuta limepasuka na likikatika mama atakuwa wa kwanza kuondoka. Kila aliyesikia alicheka. Mtani amesema mtani wake atakufa, hiyo nayo ni habari? Nilicheka na mimi, tena Jumapili iliyofuata nikayachomeka maneno yake kwenye filamu.

Wiki mbili baadaye yule mtani alinishika mkono sokoni akanipeleka bondeni. Kiganja changu kiliingia kwenye ufa mpaka kifundo cha mkono, na mle ndani nikagusa maji.

Nilikwenda kwa mwenyekiti, akanipa nafasi kwenye mkutano wa kijiji, mwishoni kabisa, kwenye mengineyo. Mkutano wenyewe ulikuwa wa kumpokea mgeni kutoka mkoani: nani afagie barabara, nani apike, miti ipi ipakwe chokaa. Chokaa peke yake ilijadiliwa karibu saa nzima. Zamu yangu ilipofika nilisema tuta limepasuka, tunahitaji watu na viroba vya mchanga kwa siku moja tu. Watu walinigeukia, nikapata moyo. Ndipo mtu mmoja kutoka nyuma, kwa sauti ileile ya kilevi niliyoitunga mwenyewe, akasema, "Vuteni pazia, wageni wanakuja." Mkutano uliishia hapo. Watu walinipigapiga mgongoni wakiondoka, na mwenyekiti alinishukuru kwa kukifunga kikao kwa furaha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hiyo sote tumeikariri shuleni. Naona tulidhani ni ya mtihani.

Likabaki jambo moja, kumtoa mama. Nilikwenda kila siku kumbembeleza. Alisema akiondoka siku moja tu ndege watamaliza shamba, halafu tutakula nini, filamu? Nilipomtaja mtani wake alitikisa kichwa. "Yule ameshanizika mara ngapi?" akasema. "Siku akinisalimia kistaarabu, hapo ndipo nitaogopa."

Nilikuwa nimekata tamaa kiasi kwamba niliyabeba maneno hayo nikampelekea mtani. Asubuhi yake alikuja ameoga, amevaa kitenge chake cha kanisani. Alisimama chini ya kibanda, akaunganisha mikono.

"Habari za asubuhi, dada," akasema. "Umeamkaje? Nakuomba utoke hapa."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Mama alimtazama, na mimi nikaamini safari hii ameelewa. Halafu akaangua kicheko mpaka akashikilia nguzo. Alisema katika miaka yote waliyotaniana, huo ndio ulikuwa utani bora kuliko wote.

Jumatatu nilikwenda Mpanda kutengeneza spika. Nilijiambia nikirudi nitambeba mgongoni, apende asipende. Simu ilinikuta kwa fundi kabla ya saa sita. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, kwetu jua linawaka, na tuta lilikuwa limekatika palepale wanapovukia ng'ombe. Mama alipatikana siku ya pili, mbali sana na shamba lake, mkononi bado ameshika kamba ya makopo ya kufukuzia ndege.

Nilitaka kuwapiga watu wote wa kijiji kile, nikianza na mimi mwenyewe. Nilikaa msibani nimeuma meno, watu wakaniambia ni mapenzi ya Mungu, nikainama nisiwajibu vibaya mbele ya maiti.

Kwetu msibani watani wana kazi. Watu wakishalia wakachoka, mtani ndiye anayewapa ruhusa ya kucheka. Mtani wa mama alisogea ukingoni mwa kaburi, khanga kiunoni, na watu wakaanza kutabasamu kabla hajafungua mdomo.

"Kuna ufa mwingine," akasema taratibu. "Uko juu zaidi, kwenye mkuyu. Twendeni leo."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Walikuwa wamelia siku mbili na walikihitaji kicheko kile, siwalaumu sana. Mimi pia nilikuwa nimeshafungua mdomo kucheka nao, nikauona uso wake.

Sasa tunakwenda wawili, yeye na mimi, na majembe na viroba vya mchanga. Mgongo wake umechoka na mimi kazi ya jembe nilishaisahau, na mvua bado zina mwezi mzima. Tunachojaza leo, kesho tunakuta kimezama.

Jana kijana wa bodaboda alisimama juu ya tuta akatusalimia vizuri, akatupa pole ya kazi, akaniuliza Jumapili ile filamu ya mlima nitaionyesha saa ngapi. Nilimwambia tuta linapasuka, ashuke atusaidie hata nusu saa. Akacheka, akawasha pikipiki, akapita palepale juu ya ufa.