Majani ya Nyali katika Kahawa ya Posa

Miaka michache kabla ya Uhuru, mume wa shangazi yangu alikuwa mtunza bustani kwa Mzungu mmoja huko Nyali. Barazani kwa Mzungu yule ulitanda mmea wa kutambaa wenye maua ya manjano, makubwa kama vikombe. Siku moja shangazi alimpelekea mumewe chakula, akarudi Kisauni na kipande cha mmea ule na elimu mpya.

"Wale bibi wa Kizungu hukaa chini ya maua yale tangu asubuhi hadi alasiri," alitwambia. "Hawatetani, hawana haraka. Wallahi, dawa ni ile."

Kwamba walikuwa na wapishi na madobi, yeye hakuona kuwa ni sababu. Akaupanda uani, nao ukashika upesi kuliko umbea.

Nilipoposwa nilikuwa na sharti moja tu: nimalize chuo cha ualimu, kisha nisomeshe. Baba alinikubalia. Lakini tukapata habari kwamba ami yake bwana arusi, msemaji wao, anakuja kulikataa. Nililia siku mbili. Shangazi hakulia, alichuma majani ya mmea wake akayachemsha pamoja na kahawa ya tangawizi, ili moyo wa mzee utulie.

Wageni walikuja baada ya sala ya alasiri, wanaume watano ndani ya kanzu zilizopigwa pasi. Sisi wanawake tulisikiliza na kuchungulia nyuma ya pazia. Ami alikunywa vikombe vitatu, akaanza kueleza kwa ufasaha jinsi masomo yanavyomharibu mwanamke. Alipofika kwa Hawa, mama yetu sote, akanyamaza. Jasho lilimtoka. Mwenzake mmoja alikuwa keshatoka kuuliza choo kiko wapi, na choo chetu kilikuwa kimoja.

"Na lile sharti?" baba aliuliza, bila haraka yoyote.

"Tumekubali," alisema ami, ameshasimama. "Yote tumekubali. Fatiha isomwe upesi."

Shangazi alivuma hadi mtaa wa pili, Magogoni. Uchaguzi ulipokaribia, wagombea walimtumia watu kuomba majani. Mpaka kufa kwake alishikilia kuwa mzee yule alitulia.

Nilisomesha miaka mingi. Mume wangu alikuwa mpole, nami nilimhurumia kwa kuwa na ami kama yule. Tulipokwisha kuzeeka, siku moja aliniambia huku akicheka kwamba ami hakuwa na neno na masomo yangu.

"Nilimtuma mimi," alisema.

Mimi sikucheka. Iliniuma. Nilitoka uani nikaumwagilia maji ule mmea, ambao kipande chake nilikichukua kwa shangazi, kisha nikarudi kumuuliza kama atakunywa kahawa.