Darubini Tatu na Macho Yangu

Fisi walikuwa wakishuka kutoka upande wa Mlima Elgon wakati jua limezama lakini giza halijaingia sawasawa. Katika mashamba ya nje ya Kitale walikuwa wameua kondoo, na jioni moja wakamng'ata mama aliyekuwa akifunga ndama. Mimi nilikuwa askari wa wanyamapori, na kwa miaka mingi bunduki ya kituo ilikuwa mikononi mwangu. Wakubwa walipokubali inunuliwe darubini ya kufunga juu yake, ya kulengea katika mwanga hafifu, hakuna aliyeuliza nani angeichagua.

Muuzaji alituachia tatu tuzijaribu kwa wiki moja. Moja ilikuwa ndogo, nyepesi. Nyingine ilivuta vitu karibu mara kumi na mbili. Ya tatu ilivuta mara nane tu, lakini kioo chake cha mbele kilikuwa kipana kama mdomo wa kikombe. Nilijua kwamba ukivuta sana picha inafifia, na kwamba kioo kipana ndicho kinachokusanya mwanga. Moyoni nilikuwa nimeshaichagua hiyo ya tatu.

Koplo, mwanamke wa Webuye niliyefanya naye kazi, alichora fisi kwa makaa juu ya gunia. Tukalitundika kwenye ua nyuma ya kituo, hatua mia moja, tukalala kifudifudi kungoja. Adhana ya magharibi ilipokwisha mjini, gunia lilikuwa limepotea katika darubini mbili za kwanza. Katika ya tatu nililiona kama doa la kijivu, kisha doa nalo likaisha. Nikasema muuzaji ametuletea takataka.

Koplo akachukua bunduki, akatazama muda mrefu.

"Afande, mimi bado naona masikio," akasema.

Nilidhani ananitania. Akaniambia upepo umekunja ukingo wa gunia, sikio la kushoto limefunikwa nusu. Nilitembea hadi kwenye gunia, nikaliinamia karibu kabisa. Lilikuwa limefunikwa.

Usiku huo nilikaa peke yangu katika chumba changu mtaani Kibomet. Mke wangu alikuwa amefariki, watoto wako mbali, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nikilaumu balbu. Kesho yake niliomba ruhusa nikaenda kliniki ya macho Bungoma, kwa sababu Kitale nilijulikana. Daktari alisema mtoto wa jicho ameanza pande zote mbili, na tena mboni za mtu wa umri wangu hazifunguki kama zamani gizani. Sikumwambia kazi yangu. Nilimuuliza tu kama darubini nzuri ingesaidia.

"Mzee, darubini italeta mwanga mpaka kwenye jicho," akasema. "Kuupokea ni kazi ya jicho lenyewe."

Dada yangu aliishi karibu na soko la Bungoma. Nilipita mlangoni kwake bila kubisha.

Siku tatu niliendelea kubeba bunduki kama kawaida. Siku ya nne tuliitwa shambani, tukiwa na ile darubini ya kioo kipana. Kitu kilikuwa kikisogea kando ya ua. Nililenga, kidole kikiwa tayari, na sikuweza kujua ni nini. Nikamsukumia koplo bunduki.

"Chukua wewe. Mimi sioni."

Akaipokea. Akatazama, akaninong'oneza kwamba yule ni ndama, fisi yuko kulia kwake. Alifyatua risasi moja, fisi akaanguka. Wenye shamba walikuja mbio wakamzunguka, wakamshika mikono, nami nikarudi kukaa kwenye gari.

Asubuhi nilimweleza mkubwa wetu ukweli, na kwamba darubini ya kununua ni ile aliyotumia koplo. Bunduki akapewa yeye, mimi nikahamishiwa chumba cha redio. Miezi michache baadaye nilirudi Bungoma kupasuliwa jicho la kwanza. Koplo alikuwa ameomba anisindikize, nikakataa, nikamwambia ni jambo dogo. Kwenye benchi la hospitali kila aliyefungwa bandeji alikuwa na mtu wa kumwongoza. Muuguzi aliniuliza wangu yuko wapi. Nikamjibu yuko njiani, nikaendelea kukaa pale, uso nikiuelekeza mlangoni.